Kufunga sprinkla za chini ya ardhi mwenyewe: kuanzia tangi hadi nozeli ya mwisho

Video nyingi za mtandaoni zinazofundisha kazi hii humwonyesha mtu wa Marekani akiunga bomba moja kwa moja kwenye maji ya mji. Anafungua koki, vichwa vinanyanyuka kutoka kwenye nyasi, kazi imekwisha. Huku kwetu mambo hayaanzii hapo. Maji ya mji yanakuja kwa mgao, yanaingia tangini, na nyumba nzima inaishi kwa tangi. Kwa hiyo mwongozo huu ni wa mwenye nyumba wa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa mwenye tangi, kipande cha nyasi na umeme wa kuendesha pampu. Aliye Arusha au Nairobi atafuata hatua hizi hizi. Kitakachobadilika ni udongo na aina ya nyasi.

Nitatumia bustani moja ya mfano hadi mwisho: mstatili wenye upana wa mita 9 na urefu wa mita 13.5, yaani mita za mraba kama 121. Yako ikiwa na kona na vichochoro, igawe kwenye mistatili, kisha upige hesabu ya kila kimoja.

Hesabu ya maji kwanza

Milimita 1 ya maji juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Hesabu yote inaanzia kwenye kanuni hiyo. Nyasi zilizokwisha kushika zinataka karibu milimita 25 kwa wiki wakati wa kiangazi, na jua la Januari na Februari la pwani linaweza kudai zaidi ya hapo. Kwa bustani yetu hizo ni kama lita 3,000 kwa wiki. Ukimwagilia mara tatu, kila mara zinaondoka lita 1,000.

Sasa liangalie tangi lako. Kama ni la lita 2,000, nusu yake itaishia kwenye nyasi kabla watu hawajaamka kuoga. Kama maji ya mgao yanafika mara moja kwa wiki na hamna kisima, punguza eneo la nyasi, panda vichaka visivyo na kiu, au acha kabisa. Vifaa vya bei yoyote havitaleta maji ambayo hayapo. Mimi napendelea bustani iwe na tangi lake, hata dogo, ili ugomvi wa maji usihamie ndani ya nyumba.

Wenye visima wa pwani waangalie chumvi. Paspalamu huvumilia maji ya chumvi kuliko nyasi nyingi, na ndiyo sababu imetapakaa kwenye bustani za karibu na bahari. Ukiona ncha za majani zinakauka na kugeuka kahawia ilhali udongo una unyevu, peleka sampuli ya maji maabara kabla hujachimba mtaro hata mmoja. Kisima kinachotoa mchanga kitahitaji chujio zuri, tutalifikia.

Presha, na namna ya kusoma kibandiko cha pampu

Kila mita 10 za kimo cha maji hutoa presha ya bar 1. Tangi lililokaa juu ya mnara wa mita 3 linatoa bar 0.3 tu. Sprinkla za kunyanyuka zinazotawanya maji kama feni, zile za masafa mafupi, zinataka bar 2 hivi. Za kuzunguka, zinazorusha mkondo mmoja mbali, ambazo wauzaji wanaziita rota, zinataka karibu bar 3. Ukitaka kupata bar 2 kwa mnara peke yake, ujenge wa mita 20. Pampu ni lazima, basi.

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Chukua ile pampu ndogo ya nusu HP inayopatikana karibu kila duka la vifaa vya ujenzi. Kibandiko chake kitakuwa na maandishi kama "Q max 35 L/min" na "H max 35 m". Muuzaji atakwambia inatoa lita 35 kwa dakika na inasukuma mita 35 juu. Yote mawili ni kweli, ila hayatokei kwa wakati mmoja. Lita 35 ni pale bomba linapomwaga chini bila kizuizi chochote. Mita 35 ni pale maji yamepanda hadi mwisho wa nguvu za pampu na hakuna hata tone linalotoka. Ukiidai mita 25 tu, ambazo bado ni pungufu ya zinazohitajika kwa sprinkla pamoja na hasara za njiani, itakubakishia lita 10 hivi kwa dakika. Hazitoshi hata sprinkla moja ya duara kamili.

Kwa hiyo usinunue kwa HP wala kwa namba kubwa za kibandiko. Omba mchoro au jedwali linaloonyesha lita kwa kila kimo; huwa limechapwa kwenye boksi au kwenye kijitabu cha ndani. Kwa mfano wetu tunatafuta pampu inayotoa angalau lita 45 kwa dakika ikiwa kwenye mita 30. Mita 21 ni za sprinkla zenyewe, zilizobaki ni za msuguano wa mabomba, vali na chujio. Pampu nyingi za HP 1 za aina ya sentrifugo zinafika hapo, lakini jedwali ndilo litakalokuhakikishia.

Kama pampu unayo tayari, ipime. Kwenye mdomo wake wa kutolea funga tii (kiungo chenye umbo la T) yenye geji ya presha, na mbele ya tii weka koki. Washa pampu, ikaze koki taratibu mpaka geji isome bar 3, kisha kinga ndoo ya lita 20 huku unahesabu sekunde. Ikijaa kwa sekunde 27, unapata lita 44 kwa dakika kwenye presha inayofaa. Ikichukua dakika nzima, una lita 20, na mpango wote utajengwa juu ya hizo 20. Andika namba hiyo mahali usipoweza kuipoteza.

Jambo lingine linaloua pampu ni upande wa kuvutia. Bomba la kutoka tangini lisiwe dogo kuliko mdomo wa pampu, liwe fupi, na pampu ikae chini ya usawa wa maji ili ijijaze yenyewe. Weka swichi ya floti tangini ili pampu izimike kabla maji hayajaisha. Kazi ya umeme wa pampu mwachie fundi mwenye leseni: breka yake yenyewe, waya wa athi, na kifuniko kinachozuia mvua.

Kuchora

Tafuta karatasi ya miraba. Sentimita 1 iwe mita 1. Chora nyasi, ukuta, miti, njia ya gari, shimo la maji taka, na bomba la kutoka kwenye mita ya maji kama unajua lilipopita. Kama hujui, mtafute fundi aliyejenga au jirani aliyekuwepo wakati wa ujenzi. Nyumba zetu nyingi hazina ramani ya mabomba, na bomba la maji taka lililotobolewa kwa sururu hutalisahau haraka.

Kanuni ya kupanga ni moja: maji ya sprinkla yafike kwenye mguu wa jirani yake. Wengi huona huo ni ubadhirifu, wakazitenganisha ili miduara iguse tu kwa nje. Matokeo yake yanaonekana mwezi wa pili wa kiangazi: mabaka ya njano yenye umbo la nyota, katikati ya kila vichwa vinne. Kila sprinkla hutawanya maji bila usawa, na jirani ndiye anayefidia.

Kwa bustani yetu tunachagua nozeli, yaani zile ncha za kichwa zinazotawanya maji, za masafa ya mita 4.5. Upana wa mita 9 unapokea safu tatu, urefu wa mita 13.5 unapokea safu nne: jumla vichwa 12. Vinne viko kwenye kona na vinageuka robo duara, sita viko pembeni na vinageuka nusu, viwili vya katikati vinazunguka duara kamili. Kwenye presha ya bar 2.1, nozeli za ukubwa huu hutumia kama lita 3.5 kwa dakika kwa robo, 7 kwa nusu na 14 kwa duara kamili. Jumlisha: 14 za kona, 42 za pembeni, 28 za katikati. Lita 84 kwa dakika.

Pampu yetu ina 45. Kwa hiyo tunagawa bustani kanda mbili, kila moja ikiwa na vichwa sita na lita 42. Kata mstatili katikati ya urefu wake: upande wa kushoto una kona mbili, nusu tatu na duara moja, na wa kulia vilevile. Zikimwagilia kwa zamu, pampu inatosha na chenji kidogo. Ukipata namba mbaya, kwa mfano lita 50 kwa pampu ya 45, ongeza kanda ya tatu. Usijidanganye kwamba "itavumilia". Itavumilia kwa kutema mate.

Usichanganye rota na sprinkla za kutawanya kwenye kanda moja. Hizi za kutawanya hushusha milimita 40 hivi kwa saa. Rota huwa chini ya nusu ya hapo. Ukiziwasha pamoja, upande mmoja utakuwa tope na mwingine vumbi.

Vifaa

Kwa bomba mimi ni mtu wa HDPE, yale meusi yenye mistari ya bluu yanayouzwa kwa roli. Yanajikunja kufuata mtaro, hayataki gundi, na viungo vyake hukazwa kwa mkono. PVC nayo inafaa na fundi yeyote wa mtaani anaijua, ila kila kona ni kiungo, na kila kiungo ni mahali pa kuvuja.

Ukubwa usibanwe. Kupitisha lita 45 kwa dakika kwenye bomba la milimita 32 hupoteza mita 6 hivi za presha kwa kila mita 100. Maji hayo hayo kwenye bomba la milimita 25 hupoteza mita 26. Tofauti ya bei ya roli ni ndogo mno ukilinganisha na kununua pampu kubwa zaidi baadaye. Chukua milimita 32, daraja la PN10, yaani linalohimili bar 10. Roli la mita 100 linatosha mfano wetu.

Utahitaji pia vichwa 12 vya kunyanyuka sentimita 10 (nunua 14), nozeli zake, tii za 32 zenye tawi la uzi wa nusu inchi, elbo zenye uzi kwa ncha za laini, tepu nyeupe ya nyuzi, chujio la diski la mesh 120, vali ya kuzuia maji kurudi, na sanduku la vali. Ile vali ya kuzuia maji kurudi si ya hiari kama pampu inalisha na nyumba. Bustani ina mbolea na kinyesi cha mbwa, na presha ikishuka ghafla maji hayo yanaweza kunyonywa kurudi kwenye bomba la jikoni.

Vali za kanda ziwe za mkono au za umeme? Kwa kanda mbili, na kama kuna mtu nyumbani kila asubuhi, koki mbili za inchi moja zinatosha, pamoja na kile kifaa kinachowasha pampu koki inapofunguliwa, mafundi wanakiita otomatiki. Ni rahisi na hakina cha kuharibika sana. Vali za umeme na taima zinalipa kama unasafiri, au kama kanda ni nne na kuendelea. Hizo hutumia volti 24 kutoka kwenye taima: waya mmoja wa pamoja unapita vali zote, kisha waya mmoja mmoja kwa kila vali. Maungio ya chini yawekwe kwenye viunganishi vyenye grisi. Tepu nyeusi ya umeme haidumu kwenye unyevu. Hakikisha taima ina chaji au betri ya kutunza saa, la sivyo umeme ukikatika itaamka inamwagilia saa saba mchana.

Kuchimba

Siku moja kabla, mwagilia njia za mitaro. Piga vigingi mahali pa kila kichwa, vuta kamba, nyunyiza chokaa au majivu kufuata kamba. Kisha kata nyasi kwa sepeto kwenye mistari miwili yenye upana wa sentimita 20, zinyanyue na mizizi yake kama mkeka na uzilaze kivulini juu ya nailoni upande mmoja wa mtaro. Udongo uende upande wa pili. Zilowanishe asubuhi na jioni, na zisikae nje zaidi ya siku mbili tatu.

Kina cha sentimita 25 hadi 30 kinatosha kwa nyasi. Chini ya njia ya gari nenda sentimita 45, na upitishe bomba ndani ya bomba kubwa la PVC la inchi 3, ili siku likipasuka ulivute bila kubomoa pevingi. Sakafu ya mtaro iwe laini. Ukikuta mawe ya matumbawe, kama maeneo mengi ya pwani, weka tabaka la mchanga chini ya bomba. Vijana wawili wa kibarua wataimaliza bustani hii kwa siku moja kwenye udongo wa mchanga wa Dar. Udongo mweusi wa mfinyanzi ni habari nyingine.

Kuunga

Anza pampuni uende mbele: pampu, vali ya kuzuia maji kurudi, chujio, geji, kisha bomba kuu hadi sanduku la vali. Acha yunioni (kiungo cha kufungua na kufunga) pande zote mbili za pampu, maana siku moja itabidi itoke. Kila vali ielekee mshale wake; umechorwa ubavuni.

HDPE ikatwe mraba, si kwa mshazari. Lainisha ukingo wa nje, weka alama ya kina cha kiungo kwa kalamu, legeza nati, sukuma bomba mpaka alama ifike, kisha kaza. Bomba ambalo halikuzama hadi mwisho litakaa siku chache, halafu litachomoka usiku ukiwa umelala.

Kichwa kisifungwe moja kwa moja juu ya tii. Mashine ya kukata nyasi au tairi ikikikanyaga, nguvu yote inashuka kwenye bomba kuu na kulivunja. Weka mkono wa kunyumbulika: kipande cha bomba laini au HDPE ya milimita 20, urefu sentimita 40 hivi, kikiwa na elbo kila upande. Mkono huo pia unakuwezesha kukipandisha au kukishusha kichwa baadaye bila kufukua mtaro mzima.

Kusafisha na kujaribu kabla ya kufukia

Vichwa vikiwa vimefungwa bila nozeli, washa kanda moja na uyaache maji yatoke wazi dakika kadhaa. Yatatoka na mchanga, vipande vidogo vya plastiki, hata siafu. Subiri yawe meupe kabisa kwenye kichwa cha mwisho kabisa, kisha fanya kanda ya pili. Usipofanya hivi, uchafu huo wote utakwama kwenye vichujio vidogo chini ya nozeli.

Weka nozeli, washa tena, na upite kwenye kila kiungo mkono ukiwa mkavu. Mtaro ubaki wazi mpaka mfumo umekaa na presha angalau saa moja. Kama umetumia PVC, ipe gundi saa 24 kabla ya maji.

Kufukia: kwanza udongo laini usio na mawe hadi bomba lifunikwe, mwaga maji ulale, ongeza uliobaki, shindilia kwa mguu. Acha mwinuko mdogo, utashuka wenyewe. Rudisha nyasi, zikanyage, zimwagilie. Kifuniko cha kila kichwa kiwe sawa na uso wa udongo, na kichwa kisimame wima. Kilichoinama nyuzi chache hupiga ardhi upande mmoja na kurusha hewani upande wa pili.

Kurekebisha na kupanga muda

Washa kanda na uangalie umbo la maji. Yakiwa kama ukungu unaopeperuka, presha imezidi. Ibane koki ya kanda kidogo. Yakianguka kama mwavuli uliokunjwa, presha ni ndogo: chujio limeziba, kuna uvujaji, au vichwa ni vingi kuliko pampu. Geuza kila nozeli ielekee nyasi, isipige ukuta wala dirisha la jirani. Skrubu ndogo ya juu hupunguza masafa, ila usipunguze zaidi ya robo. Ukihitaji zaidi, badilisha nozeli.

Halafu fanya jaribio la makopo. Kusanya makopo kumi ya ukubwa mmoja yenye kuta zilizonyooka, yale ya nyanya ya kopo yanafaa, na uyatawanye bila mpangilio. Endesha kila kanda dakika 12, pima kina kwa rula. Mfano wetu ukifanya kazi vizuri, utaona milimita 8 hivi kwa wastani, na mara tatu kwa wiki hizo zinafika 25. Kopo lenye 4 na lenye 12 kwenye kanda moja yanaashiria nozeli isiyo sahihi, kichwa kilichoinama au umbali uliozidi.

Mwagilia saa 11 alfajiri. Upepo wa bahari bado haujaamka, jua halijaanza kuiba, na majani yanakauka mapema. Nyasi zinazolala na maji usiku kucha hukaribisha ukungu. Kwenye mchanga gawanya maji kwa siku nne za muda mfupi zaidi. Kwenye mfinyanzi endesha dakika 6, pumzisha nusu saa, rudia 6. Nyasi zilizopandwa upya zinataka maji kidogo kila siku kwa wiki mbili za kwanza. Ratiba ya mara tatu ni ya baadaye.

Masika yakifika, zima kabisa, lakini mara moja kwa mwezi washa kila kanda dakika mbili ili pampu isigande na vichwa visisakame. Chujio lioshe kila wiki mwanzoni, kisha kadiri unavyoona uchafu. Nyasi zinazotambaa kama paspalamu na ukoka hufunika vichwa haraka, kwa hiyo zikate kwa kisu kuzunguka kila kifuniko unapopita na mashine. Kichwa kisichorudi chini baada ya kuzima kina mchanga shingoni: kivute juu kwa mkono, kikamate, kifungue juu, suuza, rudisha. Kikiendelea kukwama, tumia kimojawapo cha vile viwili vya akiba.